Namba 34: Walter Payton na swali alilotuachia



Mwaka 1998 kaka yangu mkubwa alirudi nyumbani kutoka soko la Kongowea na fulana ya mtumba aliyoipata kwa bei ya chee. Ilikuwa ya samawati iliyokoza, imeandikwa namba 34 kubwa, na mgongoni juu ya namba pakawa na jina PAYTON. Hakuna mtaani kwetu Kisauni aliyejua Payton ni nani. Sisi watoto tulidhani ni mchezaji wa mpira wa vikapu. Kaka hakujali. Aliivaa kwenye mechi za jioni hadi baraza zima likaacha kumwita kwa jina lake, likamwita Petoni. Hata mama alizoea.

Kaka alifariki miaka minne iliyopita. Baada ya arobaini tulikaa kugawa nguo zake, na ile fulana ikatoka chini kabisa ya sanduku, imepauka lakini nzima. Niliichukua mimi. Usiku ule ndipo kwa mara ya kwanza nilipotafuta kujua mwenye jina lile alikuwa mtu gani. Nilikusudia kusoma dakika kumi, nikaja kushtukia adhana ya alfajiri.

Leo naomba niwasimulie maisha ya mtu huyo. Mwishoni mtaona kwa nini.

Walter Payton alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika mji mdogo wa Columbia, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake, Edward, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mama yake, Alyne, alikuwa mwanamke wa kanisani na mlezi mkali. Watoto walikuwa watatu: Eddie, Walter na dada yao Pam. Mississippi ya siku zile ilikuwa na ukuta kati ya weusi na weupe katika kila jambo, kuanzia bomba la maji ya kunywa hadi darasa la mtoto. Walter alisoma Jefferson, shule ya sekondari ya weusi.

Kipaji chake kilionekana mapema, lakini hakucheza. Kaka yake Eddie ndiye aliyekuwa nyota wa timu ya shule, na Walter hakutaka kushindana naye wala watu wawapime wawili wale kwenye uwanja mmoja. Akaingia kwenye bendi ya shule akapiga ngoma. Eddie alipomaliza na kwenda chuoni, ndipo Walter akavaa viatu vya mchezo. Mtu aliyekuja kukimbia kuliko wote waliomtangulia alianza kwa kumpisha kaka yake kwanza. Waswahili tunaijua adabu hiyo.

Mwanzoni mwa 1970 amri za mahakama zilizilazimisha shule za Columbia kuunganishwa. Watoto wa Jefferson wakahamia Columbia High, shule iliyokuwa ya weupe peke yao. Wazazi wengi wa pande zote mbili walihofia vurugu. Msimu wa futiboli ulipoanza mwaka huo, watu ambao hawajawahi kukaa benchi moja walijikuta wakisimama pamoja kumshangilia kijana mmoja mweusi aliyekuwa hashikiki. Sisemi kwamba mpira uliponya ubaguzi wa Mississippi, maana haukuuponya. Bali ulipunguza makali katika mji mmoja, kwa jioni kadhaa, na wenyewe wa Columbia wameikumbuka hivyo.

Pamoja na sifa zote hizo, vyuo vikubwa vya Kusini havikumtupia jicho. Bado vilikuwa vigumu kuwachukua weusi. Mwaka 1971 Payton akaenda Jackson State, chuo cha weusi palepale Mississippi, ambako kaka yake alikuwa akicheza. Mwaka mmoja kabla, Mei 1970, polisi walikuwa wamefyatua risasi kwenye chuo hicho na kuwaua vijana wawili. Kwenye ardhi hiyo ndipo alipocheza miaka minne, akapata shahada ya mawasiliano na sifa iliyovuka mipaka ya jimbo.

Kabla sijaendelea, ngoja nieleze mchezo wenyewe kwa wasioujua. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu kumi na mmoja kila upande, kwa mpira mrefu kama ule wa raga. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa nne nyingine. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Yadi moja haifiki hata mita. Kazi ya Payton ilikuwa ya mbeba mpira. Anakabidhiwa mpira mkononi, halafu atafute upenyo kati ya majitu, wengine wa kilo 120 na zaidi, ambao kazi yao ni kumwangusha chini kwa nguvu zote. Akiangushwa anasimama, wanajipanga upya, anakabidhiwa tena. Kwa mechi moja anaweza kuangushwa mara ishirini au thelathini. Wachezaji wengi wa nafasi hiyo magoti yao huisha kabla ya miaka mitano.

Yeye hakuwa jitu. Kimo chake kilikuwa kama futi 5 na inchi 10, uzito kama kilo 90. Mwaka 1975 klabu ya Chicago Bears ilimchagua akiwa wa nne katika vijana wote walioingia ligi kuu mwaka ule. Chicago ilikuwa timu dhaifu iliyokuwa ikiishi kwa kumbukumbu za zamani. Katika mechi yake ya kwanza Payton alipewa mpira mara nane, na jumla ya yadi alizosogeza ilikuwa sufuri. Naam, sufuri. Alimaliza msimu huo wa kwanza na yadi 679, na akaachwa nje mechi moja. Miaka yote iliyofuata hadi anastaafu hakukosa mechi nyingine ya ligi. Misimu 13, mechi 190.

Siri yake haikuwa siri. Utotoni alikuwa akikimbia kwenye mchanga kando ya mto Pearl, pale Columbia. Sisi watoto wa pwani tunajua mchanga unavyokula miguu. Alipofika Chicago alijitafutia kilima kikali kaskazini-magharibi mwa jiji, na wakati wenzake wamepumzika baada ya msimu, yeye anakipanda mbio na kukishuka, tena na tena. Wachezaji wa michezo mingine walipomfuata kujaribu, wengi waliishia kutapika njiani.

Tarehe 20 Novemba 1977 aliamka na homa ya mafua. Mchezaji mwingine angeomba ruhusa. Yeye aliingia uwanjani dhidi ya Minnesota Vikings, akapewa mpira mara 40, akasogeza yadi 275. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo katika mechi moja, na rekodi hiyo ilikaa hadi mwaka 2000. Msimu ule alifikisha yadi 1,852 akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Na mwaka huohuo wa 1977 alipewa tuzo ambayo haikutazama uwanjani peke yake: tuzo ya mchezaji wa mwaka kwa utu na kazi zake kwa jamii. Iwekeni akilini tuzo hiyo, tutairudia.

Watu walimpa lakabu inayomaanisha utamu. Wengine walisema ni kwa ulaini wa mwendo wake, wengine kwa tabia yake. Lakini aliyekutana naye uwanjani hakuuona utamu. Mbeba mpira akizidiwa pembeni huwa anatoka nje ya mstari ili asiumizwe, na hakuna anayemlaumu. Payton hakuipenda njia hiyo. Alikuwa akigeuka ndani, ananyoosha mkono kama mti, anampiga yule anayekuja kumpiga, ili aongeze japo nusu yadi. Akiangushwa alikuwa akimpa mkono aliyemwangusha na kumsaidia kuinuka. Akivusha mpira mstari wa mwisho hakucheza ngoma. Aliukabidhi mpira kwa mwenzake au kwa refa, akarudi.

Tarehe 7 Oktoba 1984, katika uwanja wa Soldier Field pale Chicago, aliipita rekodi ya Jim Brown ya yadi 12,312, iliyokuwa imekaa tangu 1965. Mchezo ukasimamishwa, wapiga picha wakavamia uwanja, na baadaye Rais Ronald Reagan akampigia simu. Yeye hamu yake ilikuwa watu watoke uwanjani mchezo uendelee, maana mechi ilikuwa bado haijashindwa.

Kitu kimoja alikuwa hajakipata: ubingwa. Miaka mingi aliibeba timu mbovu mgongoni. Mwaka 1982 alikuja kocha Mike Ditka, na kufikia 1985 Chicago ilikuwa imejaa wachezaji hatari. Walishinda mechi 15 na kupoteza moja tu. Tarehe 26 Januari 1986, mjini New Orleans, walikutana na New England Patriots kwenye fainali kuu. Siku ile Payton alipoteza mpira mwanzoni kabisa, na wapinzani wakapata alama za kwanza. Baada ya hapo ikawa mvua ya mawe: Chicago 46, New England 10.

Wapinzani walijipanga kumzuia yeye, na kwa kumkimbilia yeye wakawaachia wenzake nafasi. Timu ilifunga na kufunga, ila Payton hakufunga hata mara moja. Chicago ilipofika yadi moja kutoka mstari wa mwisho, kocha alimpa mpira William Perry, jitu la ulinzi ambalo mashabiki walilifananisha na jokofu, naye akaingia nao huku uwanja ukicheka. Mtu aliyesubiri miaka 11 alimaliza usiku wa ubingwa bila lake. Inasimuliwa kuwa baada ya mechi alijitenga kwenye kijumba cha stoo, roho imemuuma, wakati wenzake wanasherehekea. Ditka amekiri hadharani mara nyingi kwamba kumsahau Payton usiku ule ni jambo analolijutia.

Nilipofika hapo nilisita. Sote tumemlea au tumelelewa na mtu kama huyo, anayebeba nyumba miaka yote, halafu siku ya furaha ikifika picha inapigwa yeye hayumo.

Alicheza misimu miwili zaidi. Mechi yake ya mwisho ilikuwa 10 Januari 1988, Chicago ikatolewa na Washington kwa 21 kwa 17 uwanjani kwake mwenyewe. Watu waliondoka yeye akabaki ameketi peke yake kwenye benchi, kofia ya chuma kichwani, kichwa mikononi, dakika nyingi. Hesabu yake ilifungwa kwa yadi 16,726 alizokimbia na mpira mkononi, mara 3,838. Zigeuze ziwe masafa ya barabarani: ni kilomita 15 na ushei, kama kutoka mjini Mombasa ukafika karibu na Mtwapa. Si mbali kwa matatu. Lakini yeye alizikata kwa wastani wa mita nne kila safari, na kila safari ikaishia chini ya miili ya watu. Rekodi hiyo ilikaa hadi Oktoba 2002, ilipovunjwa na Emmitt Smith. Klabu ikaistaafisha jezi namba 34 asiivae mtu mwingine.

Nitakuwa si mkweli nikisema baada ya hapo yote yalikuwa asali. Alijaribu kuwa mmoja wa wamiliki wa timu mpya katika jiji la St. Louis, na mwaka 1993 ligi ikaipa miji mingine nafasi. Alijaribu mbio za magari akapata ajali mbaya. Alifungua mkahawa. Mwaka 2011 mwandishi Jeff Pearlman alitoa kitabu kinachoeleza dawa za maumivu alizozitegemea, huzuni iliyomwandama baada ya kustaafu, na nyufa katika ndoa yake. Wako waliokasirika kwa kitabu hicho. Mimi nimelelewa kwamba maiti husitiriwa, basi sitayachimba. Ninalosema ni kwamba mwili uliopigwa hivyo kwa miaka 13 haukutoka salama, na nafsi iliyozoea kelele za watu 60,000 haikuzoea ukimya upesi. Alikuwa binadamu.

Mwaka 1993 aliingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Kwa desturi mchezaji humchagua kocha au mtu mkubwa wa kumtambulisha. Yeye alimchagua mwanawe Jarrett, mvulana wa miaka 12. Haikuwahi kutokea mtoto kumtambulisha baba yake pale. Baba aliposikia maneno ya mwanawe, machozi yalimtoka.

Hujafa hujaumbika. Mwishoni mwa 1998, mwaka uleule kaka yangu alipoinunua fulana Kongowea, Payton alianza kukonda. Macho yakawa manjano. Tarehe 2 Februari 1999 alijitokeza mbele ya waandishi wa habari, mtu aliyekuwa mwamba amebaki mifupa, miwani myeusi usoni. Akatangaza kwamba ana maradhi adimu ya ini. Vijia vinavyopitisha nyongo vinapata makovu na kuziba, nyongo inarudi ndani na kuliua ini polepole. Chanzo chake hakijulikani vyema, na ini likishachoka dawa hakuna isipokuwa kupandikizwa ini la mtu mwingine. Jina lake lilikuwa limeingia kwenye orodha ya wanaosubiri.

Mbele ya kamera zile alikiri kwamba anaogopa. Alilia na mwanawe akiwa kando yake. Mtu ambaye katika misimu 13 hakutaka hata kutoka nje ya mstari kukwepa pigo, aliomba waziwazi watu wamwombee dua. Naona ule ndio ushujaa wake mkubwa kuliko yadi 275.

Elewa, ndugu msomaji, orodha ile maana yake nini. Kuna maelfu ya wagonjwa na maini machache. Ini hupatikana mara nyingi kwa mtu aliyefariki ghafla, ambaye uhai wake alikubali kwamba akifa viungo vyake visaidie wengine, au jamaa zake wakakubali kwa niaba yake. Umaarufu haukumpandisha juu ya wengine. Alisubiri kama dereva wa lori na mwalimu wa shule.

Alipokuwa akisubiri hakukaa kimya. Alikubali sura yake iliyokonda itumike kwenye matangazo ya kuwahimiza watu wajiandikishe kutoa viungo. Katika jimbo la Illinois simu za watu wanaotaka kujiandikisha zilimiminika tangu siku ile ya Februari. Kisha madaktari wakagundua saratani kwenye vile vijia vya nyongo, nayo imeshasambaa. Kwa hali hiyo kupandikizwa ini hakukuwezekana tena. Maana yake ni kwamba kuanzia hapo kila aliyejiandikisha kwa ajili ya Walter Payton alikuwa anajiandikisha kwa ajili ya mtu mwingine, na Payton mwenyewe alilijua hilo. Hata hivyo wito wake hakuuondoa.

Alifariki 1 Novemba 1999, nyumbani kwake nje ya Chicago, hajafika miaka hamsini. Aliacha mke, Connie, na watoto, Jarrett na Brittney wakiwemo. Siku chache baadaye maelfu ya watu walikusanyika Soldier Field kumuaga. Mwaka huohuo ile tuzo ya utu niliyowaambia muiweke akilini ilipewa jina lake, na hadi leo mchezaji anayeipata huitwa mshindi wa tuzo ya Walter Payton. Chicago ina shule ya sekondari yenye jina lake, iliyofunguliwa mwaka 2000, na tangu 2019 sanamu yake imesimama nje ya uwanja ule. Familia yake imeendelea na kazi za kusaidia watoto na kuhimiza utoaji wa viungo.

Sasa nirudi nyumbani, niseme nililolikwepa.

Baba yetu alipofariki kaka alikuwa kidato cha pili. Aliacha shule akaenda kubeba mizigo bandarini ili mimi nisome. Diploma yangu imetundikwa ukutani, na kila herufi yake ililipwa kwa mgongo wake. Alinipisha, kama Walter alivyompisha Eddie, tofauti ni kwamba huyu ni mkubwa aliyempisha mdogo.

Alipofika umri kama wangu huu wa leo, presha ilikuwa imemla figo zote mbili. Tukaanza safari za kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Siku nyingine mashine zinafanya kazi, siku nyingine tunaambiwa turudi kesho. Daktari akatuita jamaa akatueleza kwamba iko njia. Kwa Payton ilibidi mtu afe ili ini lipatikane. Kwa kaka ilitosha mmoja wetu, mzima, atoe figo moja abaki na nyingine.

Tulikaa kikao baada ya maghribi. Chumba kilijaa, ukoo mzima. Mjomba akauliza sheria ya dini inasemaje. Mwingine akauliza aliyetoa akiugua nani atawalisha watoto wake. Shangazi akasema mwili ni amana. Maswali yote yalikuwa ya haki, na yote yalikuwa na watu wa kuyajibu kama tungetaka kwenda kuyauliza. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo wake wa tumbo moja. Macho yaligeuka kwangu. Nikasema nitafikiria.

Nilifikiria miezi miwili. Sikuwa nimekataa, wallahi. Nilikuwa nangoja hofu itoke yenyewe. Nilipokwenda hatimaye kuchukua karatasi ya vipimo, kaka alikuwa amelazwa, na hakurudi. Hakuniuliza hata siku moja. Najua ajali ya mtu imeandikwa, na figo yangu huenda isingemfaa. Lakini sitajua, kwa sababu sikupimwa.

Hii ndiyo sababu simulizi ya mwanamichezo wa Marekani imekuja kwenye safu ya watu wa pwani. Wagonjwa wa figo tunao kila mtaa, na kila nyumba ina kikao kama kile kinachowangojea. Kuhusu dini, jopo la mafakihi wa nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah Februari 1988 likaruhusu upandikizaji wa viungo kwa masharti: mtoaji aridhie mwenyewe, asipate madhara makubwa, na kiungo kisiuzwe. Mimi si sheikh. Nendeni mkawaulize masheikh wenu, mwaulize na madaktari, tena mwaulize leo watu wakiwa wazima. Swali likija mgonjwa ameshalala, hofu ndiyo itakayojibu.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Payton alikuwa na mali na jina, na vyote havikumpatia ini. Alichoweza kutoa mwishoni ni sura yake iliyokonda na ombi, na kwa hayo wako watu asiowajua waliopata nafasi ya kuishi.

Ile fulana ya kaka ninayo. Mwanangu wa kiume ameniomba mara mbili aivae uwanjani, na mara mbili nimemwambia bado. Ijumaa hii nitampa, lakini kwanza nitamkalisha nimweleze namba 34 ni ya nani, na Petoni wetu alikuwa nani. Jumatatu inayofuata, inshallah, nakwenda kupimwa, nijue figo zangu zina hali gani na zinaweza kumfaa nani. Mniombee nisiseme tena nitafikiria.

Wabillahi tawfiq.